Jina la Ukoo ni Amana, si Cheo

  

Ndugu Waislamu, lipo swali ambalo hapa Songea huulizwa kabla ya posa kujibiwa, kabla ya shamba la urithi kugawanywa, na wakati mwingine hata kabla ya mgeni kupewa nafasi ya kusalisha: "Huyu ni wa ukoo gani?" Swali lenyewe halina ubaya. Mtu asiyejua jamaa zake atawaungaje? Ubaya huanza pale jibu linapogeuzwa kuwa mizani ya kupimia watu. Likitajwa jina la waliotawala, wazee hutikisa vichwa kwa kuridhika. Likitajwa jina la pwani lenye harufu ya Uarabuni, mkeka wa mbele hutandikwa. Likitajwa jina ambalo wenyeji hulihusisha na mateka wa zamani, sauti hushuka, na posa hukwama pasipo sababu ya kisharia.

Upande wa pili wapo ndugu zetu wapya. Mtu hutamka shahada Ijumaa, na Jumamosi hujitokeza wa kumwambia aache jina la babu yake kwa kuwa eti ni la kikafiri. Yule wa kwanza huliabudu jina, na huyu wa pili hulitupa. Sisi tunaona kwamba wote wawili wamezama katika kosa moja, nalo ni kudhani kuwa jina la ukoo ni cheti cha damu, na kwamba damu ndiyo daraja ya mtu. Historia ya mkoa wetu, elimu ya vinasaba na Sharia yetu tukufu zinapinga dhana hiyo kwa pamoja.

MAJINA YA UNGONI YALIVYOKUJA

Tuanze nyumbani. Wazee wetu husimulia, na waandishi wa historia wamethibitisha, kwamba chimbuko la Wangoni ni kusini mwa Afrika, katika vurugu za vita vya zama za Shaka. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba wa ukoo wa Jere lilivuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, katika siku ya kupatwa kwa jua. Likasonga kaskazini hadi Ufipa, ambako Zwangendaba alifariki takriban mwaka 1848. Baada ya hapo watu wake waligawanyika. Sehemu moja ilielekea kusini-mashariki na kufika nchi hii, na hapa zikasimama dola mbili: Njelu iliyotawaliwa na ukoo wa Gama, na Mshope iliyotawaliwa na ukoo wa Tawete.

Lakini ni nani waliofika? Hapa ndipo wengi wetu tunapopita haraka. Msafara ule ulitembea miaka mingi, na kila ulipopita ulichukua watu. Ulichukua Watsonga huko Msumbiji, Wakaranga katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na Wasenga katika bonde la Zambezi na Luangwa. Ulipotua huku ukawachukua Wandendeuli, Wanindi, Wamatengo, Wapangwa na wengineo. Wanaume waliotekwa waliingizwa jeshini, wanawake wakaolewa, na watoto wakalelewa katika kaya za waliowateka. Baadhi yao walichukua jina la mwenye kaya, wengine wakabaki na majina ya kwao. Waliotoka kusini asilia walikuwa wachache kati ya watu wao wenyewe, na watu wa nchi hizi waliotiishwa waliitwa "sutu". Ushahidi ulio wazi ni lugha. Kingoni kinachozungumzwa Songea leo kiko karibu na Kindendeuli kuliko Kizulu. Kwa nini? Kwa sababu mama ndiye anayefundisha mtoto kusema, na akina mama wengi walikuwa wa hapa.

Hata sauti ya jina haitoshi kueleza asili yake. Chukueni majina Moyo, Soko na Tembo, yanayopatikana miongoni mwa Wangoni waliotawanyika Malawi, Zambia na Tanzania. Msomaji wa Kiswahili atadhani Soko ni mahali pa biashara na Tembo ni ndovu. Kwa Wakaranga, Soko ni nyani na Tembo ni punda milia, na yote mawili ni miiko ya koo za kale. Chukueni tena Nyoni. Kwa Kizulu "inyoni" ni ndege, na Kiswahili cha zamani kina "nyuni" kwa maana hiyo hiyo. Je, mwenye jina la Nyoni babu yake alitoka kusini au alizaliwa kando ya mto Ruvuma? Jina peke yake halisemi.

HESABU INAYOWASHUSHA WENYE KIBURI

Tufanye hesabu ambayo mtoto wa madrasa anaiweza. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na walio juu yao wanane. Ukipanda ngazi saba unapata watu 128. Tangu mwaka 1835 hadi leo vimepita takriban vizazi saba. Basi anayejivuna kwamba yeye ni wa damu ya waliovuka Zambezi, kwa sababu tu jina lake limeshuka kwa baba hadi baba, anazungumzia mtu mmoja kati ya 128. Hao 127 waliobaki hawakumpa jina, lakini walimpa damu. Miongoni mwao, bila shaka, wamo wale ambao leo anakataa kumwoza binti yake kwa wajukuu wao.

Elimu ya vinasaba inaeleza jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Kipo kinasaba kinachopita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume pekee, katika kromosomu iitwayo Y, na kipo kingine ambacho watoto wote hupokea kwa mama yao pekee. Jina la ukoo, kwa desturi yetu, hufuata njia ya kwanza. Linapofuata kweli, huwa ni dalili. Mwaka 2000 wataalamu wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wanaume 48 wenye jina la Sykes. Karibu nusu yao walikutwa na alama moja ya kromosomu hiyo, ishara ya babu mmoja wa karne nyingi zilizopita. Nusu nyingine hawakuwa nayo, kwani katika karne zote hizo watoto walilelewa, wajane waliolewa tena, na majina yalihama.

Jina hilo la Sykes si geni kwa Waislamu wa Tanzania. Ni nani asiyemjua Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU? Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mwaka 1929 na Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933. Je, ukoo huu ni wa Waingereza? Hasha. Babu yao, Sykes Mbuwane, alikuwa wa asili ya Kizulu kutoka upande wa Inhambane, Msumbiji. Aliletwa na Wajerumani kwa meli akiwa askari, katika zama za vita vya Abushiri mwaka 1889. Mwanawe akaitwa Kleist, kwa jina la afisa wa Kijerumani. Kwa hiyo ukoo mmoja wa Kiislamu wa Kariakoo una jina la Kiingereza, jina la Kijerumani, na chimbuko moja na lile la jeshi lililofika Ungoni kwa miguu. Atakayehukumu asili yao kwa jina atapotea, lakini atakayewahukumu kwa walichoifanyia dini na nchi hatopotea.

NA WALE WA PWANI JE?

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya bara, nasaba za pwani zimehifadhiwa. Uislamu ulifika kwetu kwa njia ya misafara ya Kilwa, na pamoja na dini zilikuja nasaba. Nazo pia zimepimwa. Mwezi Machi 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wao walikuwa wa miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwemo. Matokeo yalikuwa fundisho kwa pande mbili. Waliosema hadithi ya Washirazi ni uzushi walikosea, kwani wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Uajemi kwa upande wa baba, na kuchanganyika huko kulianza takriban mwaka 1000. Waliojiona si Waafrika nao walikosea, kwani upande wa mama asili ilikuwa ya Kiafrika, na katika wengi ilikuwa nusu au zaidi ya damu yote. Asili ya Kiarabu iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500.

Tukumbuke pia kwamba si kila jina la Kiarabu lililopanda kutoka pwani lilipanda pamoja na damu ya Mwarabu. Biashara ya watumwa ilipita katika njia hizo hizo, na wengi walioachwa huru walibaki na jina la bwana au la aliyewasilimisha. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Kizazi cha mtumwa na kizazi cha bwana kiliweza kutoka katika nyumba moja na jina moja. Ndugu zetu, mtu atajivunaje kwa kitu asichokuwa na hakika nacho? Na hata angekuwa na hakika, je, angepata fadhila gani mbele ya Mola wake?

HUKUMU YA SHARIA

Sharia yetu haikudharau nasaba. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujifunza katika nasaba zetu kile kitakachotuwezesha kuunga udugu. Ameonya vikali kwamba anayejinasibisha makusudi na asiyekuwa baba yake ameharamishiwa Pepo. Lakini tutazame sababu: nasaba ni kwa ajili ya kuunga. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, inatueleza kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na kwamba mbora ni mchamungu. Kuwatukana watu kwa nasaba zao Mtume amekuhesabu kuwa ni katika mambo ya ujahili yaliyobaki katika umma.

Watasema baadhi ya masheikh: lakini vitabu vya fikihi, navyo ni vya madhehebu yetu ya Shafi, vimetaja nasaba katika kafaa. Ni kweli, vimetaja, na hatuna haja ya kuficha. Lakini vitabu hivyo hivyo vinaeleza kwamba kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia ndoa ni sahihi. Haikuwekwa iwe rungu mkononi mwa wajomba na majirani. Na tunayo sunna iliyo juu ya ada zetu. Fatima bint Qais (R.A.), mwanamke wa Kikuraishi, alipoposwa na wakubwa wawili wa kabila lake, Mtume (S.A.W.) alimshauri aolewe na Usama bin Zaid, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru na mama wa Kihabeshi. Hakupendezwa mwanzoni, kisha akatii, na akashuhudia mwenyewe kheri aliyoipata. Ikiwa Mkuraishi ameolewa na Usama, ni ukoo gani wa Songea ulio mtukufu kuliko Makuraishi?

Kwa wale wasiowajua baba zao wa asili, kama walivyokuwa wajukuu wengi wa mateka, Qur'ani haikuwaacha gizani. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaamuru watu waitwe kwa baba zao, na baba wasipojulikana, basi hao ni ndugu zetu katika dini. Angalieni daraja waliyopewa. Hawakuitwa watu wa pembeni wala "sutu". Waliitwa ndugu.

Aya hiyo hiyo inamjibu anayemwamuru mwenye kusilimu atupe jina la ukoo wake. Zaid aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad alirudishiwa jina la Haritha, baba yake mzazi. Ikrima (R.A.) aliposilimu aliendelea kuitwa mwana wa Abu Jahl, ingawa hapakuwa na adui wa Uislamu mkubwa kuliko baba yake. Mtume alibadilisha majina ya watu yaliyokuwa na maana mbaya au ya shirki, lakini hakuwafuta baba zao. Basi kijana wa Kingoni aliyesilimu ataitwa Yusuf au Idrisa akipenda, na jina la babu yake litabaki. Mfano tunao hapa hapa: Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Matimira, Songea, mwaka 1926, alifikia uwaziri mkuu wa nchi hii na akafariki mwaka 2009 akiwa na jina lake la Kiislamu na la ukoo wake, moja halikumzuia mwenzake.

VINASABA VINA KAZI YAKE

Baada ya haya yote, asije mtu akadhani tunawaita watu waende maabara kutafuta wao ni nani. Kupima hakuwezi kumwambia mtu yeye ni Mngoni kwa kiasi gani, kwa sababu Ungoni haukuwa damu moja tangu siku ya kwanza. Wala haifai vipimo vigeuzwe silaha ya kuvunja nyumba za watu na kuwatia aibu watoto. Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 imeweka jambo hili chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali, na tunaona ni hekima.

Lakini iko kazi ambayo vinasaba huifanya vizuri, nayo inatugusa sisi wa Songea kuliko wengi. Mji wetu una jina la mtu, Songea Mbano, jemadari wa Njelu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 baada ya Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari ya mwaka huo walinyongwa makumi ya wenzake, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Ukoo wake husimulia kwamba kichwa cha Songea kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji, akakutana na kizazi chake, akaomba msamaha, na akaahidi juhudi za kukitafuta bila kuahidi kwamba kitapatikana.

Je, kitajulikanaje kikionekana? Mwezi Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki. Yaliyotambuliwa kuwa ya Tanzania yalikuwa 202. Mafuvu manane yalilinganishwa na vinasaba vya watu walio hai. Moja lililingana kikamilifu na mawili karibu kikamilifu. Hilo la kwanza liliandikwa "Akida", nalo ni la mshauri wa Mangi Meli wa Wachaga, aliyenyongwa mwaka 1900. Zingatieni utaratibu wake, ndugu zetu: kwanza jina liliwaelekeza watafiti kwa ukoo, kisha damu ikathibitisha. Lau ukoo ungekuwa umesahau kizazi chake, maabara isingekuwa na mtu wa kumpima.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya kweli ya jina la ukoo. Ni uzi wa kumrudisha aliyepotea kwa jamaa zake, awe hai au maiti, apate kuungwa, kurithiwa na kuzikwa kwa heshima. Uzi huo ukigeuzwa kamba ya kufungia watu wengine nje ya mlango, tumeihini amana.

WITO WETU

Tunatoa wito kwa kila kaya ya msikiti iweke daftari. Waandikwe waliopita upande wa baba na upande wa mama, kwa kadiri wazee wanavyokumbuka, kabla ya wazee hao hawajaondoka. Waandikwe na akina bibi, ambao majina yao ndiyo ya kwanza kusahauliwa. Tunawataka mawalii wanapoletewa posa waulize dini na tabia kwanza, na wakiuliza ukoo wawe wanatafuta udugu na uharamu wa kuoana, si sababu ya kudharau. Tunawataka maimamu wasimwamuru mwenye kusilimu kumkana babu yake. Na neno "mtumwa", linalotajwa kwa kunong'ona nyuma ya migongo ya Waislamu wenzetu, lizikwe kabisa.

Sura ya Al-Muuminun, aya ya 101, inatukumbusha kwamba baragumu litakapopulizwa hapatakuwa na nasaba baina ya watu wala hawataulizana. Siku hiyo hatoulizwa mtu kama babu yake alivuka Zambezi, alishuka jahazini Kilwa au alitekwa kando ya Ruvuma. Ataulizwa jamaa aliopewa aliwafanyia nini.

Wabillahi tawfiq.